Gundi ya Mshai na Wakazi wa Utumbo Mpana

Mashambani mwa Lushoto, kuanzia Soni hadi Mlalo, kuna mti ambao mkulima mzoefu huuacha hata anapofyeka shamba jipya. Wasambaa wanauita mshai. Kilele chake ni kipana na bapa, majani yake ni madogo, yamejipanga jozi kwa jozi, na chini yake migomba na mibuni hupata kivuli kisichozuia jua lote. Mizizi yake huirutubisha ardhi. Wataalamu wa mimea wanauweka katika jamii ya Albizia, na mmojawapo wa mishai ya Usambara ni ule wanaouita Albizia gummifera.

Mshai ukijeruhiwa kwa panga, rudi uutazame baada ya siku kadhaa. Penye jeraha utakuta matone ya gundi yaliyoganda, ya manjano inayoelekea kahawia, mengine ya ukubwa wa punje ya haragwe. Mti umekiziba kidonda chake ili uozo na wadudu wasipate mlango. Bandua tone moja, litie kwenye kikombe cha maji, liache usiku kucha. Asubuhi litakuwa limevimba na kugeuka ute mzito, wenye kuvutika, unaong'ang'ania kidole. Maji yameingia ndani yake lakini hayakulimaliza.

Naomba msomaji tukae na ute huo kwa muda, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameweka ndani yake jambo ambalo maabara za dunia zimeanza kulielewa majuzi tu.

Wanakemia wanasema gundi hiyo ni polisakaraidi, yaani mnyororo mrefu wa sukari nyingi zilizoungana. Ute wa mlenda na wa bamia ni wa kundi hilo. Pektini ya matunda vilevile, wanga wa mahindi vilevile, na hata ubao wa mti wenyewe. Kinachotofautisha ni aina ya sukari na jinsi zilivyoshikana. Wanga na selulosi, kwa mfano, vyote vimejengwa kwa sukari moja tu, glukosi. Kiungo kati ya glukosi na glukosi kikielekea upande mmoja, matokeo ni ugali. Kikigeukia upande wa pili, matokeo ni boriti ya kuezekea nyumba. Sijui kama kuna mahali pengine katika uumbaji ambapo badiliko dogo namna hiyo limezaa vitu vilivyoachana mbali kiasi hicho.

Mate yetu na kongosho letu vina kimeng'enya cha kukata viungo vya wanga. Cha kukata viungo vya gundi ya mshai hatukupewa. Ukiimeza, itapita kwenye asidi kali ya tumbo, itapita kwenye mita zipatazo sita za utumbo mwembamba, na minyororo yake itafika utumbo mpana ikiwa bado imeshikana. Mtu mwenye haraka atasema hapa mwili una upungufu. Nimelitafakari sana jambo hili, na kila ninavyolitazama naona rehema. Ili nieleze kwa nini, inanibidi nianze na wagonjwa.

Kuna watu wanaougua uvimbe na vidonda vya utumbo mpana. Wanaharisha damu, wanaamka usiku mara kwa mara, wanakonda, wanaogopa kusafiri kwa sababu hawajui choo kiko wapi. Dawa zipo. Taabu ni kuzifikisha. Dawa iliyomezwa huingia kwanza kwenye utumbo mwembamba, na kazi ya utumbo mwembamba ni kufyonza. Huifyonza dawa, huipeleka kwenye ini, kisha damu huisambaza mwili mzima, na penye kidonda hufika kidogo. Ni sawa na abiria aliyepanda basi Mombo akienda Mtae, kisha akashushwa Soni na mizigo yake yote. Daktari akiongeza kipimo ili angalau kidogo kifike, madhara nayo yanaongezeka.

Wafamasia walijaribu kwanza kukivisha kidonge gamba linalostahimili asidi na kuyeyuka asidi inapopungua. Njia hiyo inasaidia, na vidonge vya namna hiyo vinatumika hadi leo. Lakini kiwango cha asidi mwishoni mwa utumbo mwembamba na mwanzoni mwa utumbo mpana hakitofautiani sana, tena watu hawafanani. Kwa mmoja gamba litayeyuka mapema mno, na kwa mwingine kidonge kitatoka chooni kikiwa kizima.

Kinachoutenga utumbo mpana na sehemu nyingine zote za njia ya chakula ni wakazi wake. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wenyewe, na walio wengi mno wako humo. Tumboni ni wachache, asidi haiwavumilii. Katika utumbo mpana, gramu moja tu ina bakteria wanaofikia bilioni 100. Mwaka 2003 maabara ya Jeffrey Gordon huko St. Louis, Marekani, ilichapisha orodha kamili ya jeni za mmoja wao, Bacteroides thetaiotaomicron. Kiumbe huyo asiyeonekana kwa macho ana vimeng'enya zaidi ya 200 vya kukatia minyororo ya sukari. Sisi, kwa kazi ya kumeng'enya chakula, tuna visivyozidi 20.

Tazama mpangilio huo. Uwezo tusiokuwa nao wamepewa viumbe wadogo kuliko wote, nao wamewekwa mwisho wa njia. Gundi inavuka salama kwa sababu hatuwezi kuigusa, na inafumuliwa huko mwisho kwa sababu wao wanaweza. Ukiificha dawa ndani ya gundi, haitatoka mpaka ifike kwao.

Na mahali walipowekwa pana maana kubwa. Katika msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, wanaishi mbega, wale wa manyoya marefu meusi na meupe. Mbega hula majani, naye pia anategemea bakteria wamchachulie chakula chake. Lakini bakteria wa mbega wamewekwa mbele, katika tumbo lenye vyumba, kabla ya utumbo mwembamba, ili akishachachua apate nafasi ya kufyonza. Kama nasi tungeumbwa hivyo, gundi ingefumuliwa tumboni palepale, na njia hii ya kuupelekea utumbo mpana dawa isingekuwapo. Mbega amepewa mpango unaomfaa mla majani. Sisi tumepewa unaotufaa sisi.

Binadamu aliingia katika siri hii kwa mlango wa nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1930, daktari Nanna Svartz wa Stockholm alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi. Kwa kushirikiana na kampuni ya dawa ya Uswidi, alipata dawa iliyounganisha viungo viwili katika molekuli moja, ile inayoitwa sulfasalazini. Wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana walipopewa, wengi walipata nafuu. Ilichukua miaka mingi kujua sababu. Bakteria wa utumbo mpana ndio waliokuwa wakikata kiungo kati ya sehemu hizo mbili, na mwaka 1977 Azad Khan na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba sehemu inayotibu ni moja tu, ambayo leo inajulikana kwa jina la mesalazini. Kwa miongo kadhaa, basi, wagonjwa walikuwa wakitibiwa kwa msaada wa bakteria wao wenyewe, na aliyewapa dawa hakuwa akilijua hilo.

Baada ya hapo swali likawa jepesi kuulizwa: kama bakteria hufungua molekuli ya kiwandani, kwa nini tusiwape wanachokifungua kila siku?

Jibu mojawapo lilitoka Afrika, na linauhusu ukoo wa mshai wetu. Mwaka 2005 mfamasia Oluwatoyin Odeku wa Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, akiwa na John Fell wa Manchester, walichapisha utafiti wa gundi mbili: ya Albizia, ndugu wa mishai ya Usambara anayemea Afrika Magharibi, na ya mkangazi wa huko kwao. Usafishaji wa gundi za namna hiyo ni kazi ya subira. Gundi huloweshwa ivimbe, huchujwa magome na takataka, kisha humiminiwa pombe kali ya maabara. Papo hapo minyororo ya sukari hujitenga na maji na kuonekana. Huoshwa, hukaushwa kwa moto mdogo, husagwa, huchekechwa. Unga huo ndio walioushindilia kuzunguka kidonge kidogo, wakatumia kiasi cha miligramu 300 au 400 za gundi kwa kila kimoja.

Kisha wakavitia vidonge hivyo katika majimaji yanayofanana na ya tumbo, baadaye yanayofanana na ya utumbo mwembamba. Gundi ilivimba, ikashika, ikailinda dawa. Walipovitia katika majimaji yenye vilivyotoka kwenye utumbo mpana wa panya, pamoja na bakteria wake, dawa ilianza kutoka kwa kasi zaidi. Kati ya gundi hizo mbili, ya Albizia ndiyo iliyolinda vizuri zaidi.

Kwa hiyo kitu ambacho mti hukitoa kuziba jeraha lake kimeonyesha kwamba kinaweza kusindikiza dawa hadi kwenye jeraha la mwanadamu. Ningependa kuona vijana wetu wa famasia pale Muhimbili wakipanda Usambara na visu na mifuko yao, waipime gundi ya mishai ya huku kwetu jinsi wenzao wa Ibadan walivyopima ya kwao.

Lushoto ina zawadi nyingine ya jamii hii ya minyororo ya sukari, nayo inauzwa kandokando ya barabara. Msimu ukifika, ndoo na vikapu vya plamu, peasi, matofaa na fyulisi hushuka Soni na Mombo vikielekea Tanga na Dar es Salaam. Tunda bichi ni gumu kwa sababu ya pektini inayoshikilia seli zake. Linapoiva, vimeng'enya vya tunda lenyewe huifumua pektini hiyo kidogo kidogo, ndipo linalainika. Mtu wa kwanza kuipa pektini jina hilo alikuwa Mfaransa Henri Braconnot, mwaka 1825, lakini mama yeyote anayepika jamu anaifahamu kazi yake. Huko Irente, juu ya genge linalotazama nyika ya Mazinde, jamu za matunda ya mlimani zimepikwa miaka mingi. Matunda huchemka yakiwa majimaji matupu, sukari huongezwa, mwiko hauachi kuzunguka. Mpishi hudondosha tone kwenye kisahani baridi na kulisukuma kwa ncha ya kidole. Likitiririka, bado. Likikunja ngozi juu yake, pektini imeshikana, na sufuria hutolewa motoni.

Pektini nayo haikatwi na kimeng'enya chetu chochote, na bakteria wa utumbo mpana huila kwa wepesi mkubwa. Udhaifu wake ni kwamba hupenda maji: huvimba na kuyeyuka kabla ya kufika. Mwaka 1993 Abraham Rubinstein na wenzake wa Jerusalem walionyesha kwamba pektini ikiunganishwa na kalisi huwa ngumu kuyeyuka, lakini vimeng'enya vya bakteria bado huimega. Mwaka huohuo watafiti wa Uingereza waliwapa watu wa kujitolea vidonge vilivyozungushiwa ganda nene la pektini, vikiwa na alama ya mionzi hafifu, wakavifuatilia kwa kamera vikisafiri mwilini hadi vilipofumuka katika utumbo mpana.

Safari haijaisha, na nisingependa mgonjwa aliyekata tamaa asome haya akaenda kubandua gundi mtini. Gundi ya mti huu si sawasawa na ya mti ule, wala ya kiangazi si sawa na ya masika, hivyo kutengeneza vidonge elfu vinavyofanana ni kazi ngumu. Anayeharisha sana, kidonge kinaweza kumpita kabla bakteria hawajamaliza. Na aliyetoka kunywa antibayotiki amepunguza wale wale waliokuwa wafungue kidonge chake. Ndiyo maana Abdul Basit na wenzake, huko London, waliamua kuchanganya njia mbili katika gamba moja: kitu kinachoyeyuka asidi ikipungua, pamoja na wanga sugu, usiokatwa na kimeng'enya chetu lakini unaoliwa na bakteria. Moja ikishindwa, nyingine inafanya kazi. Gamba hilo limeshafika kwenye maduka ya dawa ya Ulaya, katika vidonge vya mesalazini vya miligramu 1600. Wanga sugu wenyewe si kitu kigeni kwetu. Umo kwa wingi katika ndizi mbichi, chakula cha Wasambaa tangu enzi za watawala wa Vuga.

Lakini bakteria hawa hawakuwekwa mwilini wakisubiri wafamasia. Walikuwa na kazi yao tangu mwanzo. Wanapofumua nyuzinyuzi za maharage, mboga na ndizi, hutoa asidi ndogondogo, na mojawapo, iitwayo butirati, ndiyo inayozipa seli za ukuta wa utumbo mpana sehemu kubwa ya nguvu zao. Seli hizo zimezungukwa na damu yenye sukari, lakini hupendelea kile zinachopewa na bakteria. Tunakula, tusichokiweza kinawaendea wao, nao wanatulipa kwa kuulisha ukuta uleule wanamoishi.

Mpango huu unaanza siku ya kwanza ya uhai. Maziwa ya mama, baada ya laktosi na mafuta, kitu kigumu kinachofuata kwa wingi ni jamii ya sukari zilizoungana kwa minyororo mifupi, za aina zaidi ya 100. Mtoto mchanga hawezi kuzimeng'enya. Zinapita tumboni mwake, zinapita utumbo mwembamba, zinafika kwa bakteria aliowapokea hasa kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, na bakteria hao hustawi kwazo na kuwazuia wenye madhara wasipate makao. Mama aliyejifungua jana Bumbuli, hata kama hajawahi kusikia neno bakteria, anawaandalia chakula kwa titi lilelile analomnyonyeshea mwanawe. Nimesoma habari nyingi za maumbile, na chache zimenifanya nisimame na kumshukuru Mungu kwa sauti kama hii.

Waliotufundisha kuyapa uzito mambo haya walijifunzia Afrika Mashariki. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akahudumu Lira na baadaye hospitali ya Mulago. Hugh Trowell alikuwa daktari Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, na baadaye akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Wote wawili walikuwa watu wa sala, na wote waliona kwamba magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa adimu sana kwa wanakijiji waliowatibu. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vyao. Kwa wanavijiji wa Uganda, chakula kilichukua kama saa 36 kupita mwilini, na choo cha siku kilikuwa karibu gramu 470. Kwa kundi moja la Waingereza ilikuwa zaidi ya saa 80, na choo kiasi cha gramu 104. Walikubali kupima jambo ambalo wasomi wengine waliliona aibu kulitaja, na kutokana na hilo dunia ilianza kuheshimu nyuzinyuzi ambazo viwanda vilikuwa vikizitupa.

Jirani zetu wa Kilimanjaro wameendeleza habari hiyo. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wanaume 77 wenye afya nzuri. Waliozoea mlo wa kijijini, wenye maharage, ndizi, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwenye mlo wa kizungu kwa wiki mbili. Waliozoea mlo wa mjini walipewa wa kijijini. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi. Wale wa kwanza, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe kuongezeka na kinga kudhoofika mbele ya vijidudu. Waliorudishwa kwenye mlo wa mababu, na waliokunywa mbege, dalili za uvimbe zilipungua. Wiki nne baada ya jaribio kwisha, watu wakiwa wamesharudi kwenye milo yao ya kawaida, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana.